Massey 135 yenye usukani mlegevu: tafuteni plei ilipo kabla ya kukaza boksi

Mkulima_Naipanga

Wakuu, habari za kazi. Niko Nachingwea, upande wa Naipanga. Nalima ufuta na mbaazi, na mikorosho michache ya urithi. Uzi huu nimeukusudia tangu Agosti, ila kila siku mikono ilikuwa na grisi nikawa naahirisha. Sasa trekta imeshuka kutoka juu ya magogo, mvua bado hazijaanza, naomba niandike yote kabla sijasahau. Najua huku kwetu kuna Massey nyingi za umri huu zinazotembea na usukani uliolegea, na wenyewe wameshazizoea hivyo hivyo.

Yangu ni Massey Ferguson 135. Hizi zilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, na yangu ina injini ya Perkins ya silinda tatu. Niliachiwa na mjomba. Kwetu Wamwera, kitu ulichoachiwa na mjomba hukiuzi kwa hasira ya siku moja, kwa hiyo hata waliponiambia niipeleke kwenye vyuma chakavu sikuwasikiliza.

Ilivyoanza ni hivi. Mwezi wa sita nilikuwa na gunia za ufuta kwenye trela, napeleka ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Mteremko mdogo tu. Mbele likaja lori. Nikakata kushoto kulipisha, usukani ukaenda, ukaenda, matairi hayajibu. Halafu yakajibu kwa mkupuo, pua ikaingia kwenye majani na trela ikanisukuma kwa nyuma. Hakuna aliyeumia, gunia mbili zilianguka. Nilizima injini nikakaa chini ya mwembe mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Nikaita fundi. Alikuja na spana moja na bisibisi. Akalegeza nati ya kufungia iliyo ubavuni mwa boksi la stelingi (boksi la gia za usukani), akakaza skrubu mpaka mwisho, akafunga, akaniambia tayari. Kweli plei, yaani ule mlegeo wa usukani, ilipungua. Siku ya tatu niko shambani, mwisho wa mstari, nimekata kona nzima ili nigeuze, usukani ukang'ang'ania pale pale. Niliurudisha kwa mikono miwili na goti. Hebu fikirieni ingekuwa barabarani na mzigo nyuma.

Sababu niliielewa baada ya kulifungua boksi mwenyewe. Trekta saa nyingi inatembea ikiwa imenyooka au inakata kidogo kidogo. Kwa hiyo vyuma vya ndani ya boksi huliwa zaidi pale katikati, wakati sehemu za mwisho wa kona zinabaki karibu na upya. Ukikaza skrubu mpaka katikati pasiwe na plei hata kidogo, ukifika kwenye kona ambako chuma bado kimejaa, kinabana. Skrubu ile imewekwa kwa ajili ya marekebisho madogo. Haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa.

Tena kwangu, plei nyingi haikuwa hata kwenye boksi.

Mkulima_Naipanga

Naendelea. Nilivyoitafuta plei:

Trekta kwenye ardhi ngumu, imenyooka, injini imezimwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Nikafunga kipande cha waya kwenye dashibodi, ncha yake iguse karibu na ukingo wa usukani. Nikazungusha kushoto mpaka pale matairi yanapoanza kutaka kugeuka, nikapiga chaki. Kulia vivyo hivyo, chaki nyingine. Nikapima kwa futi kamba ya fundi cherehani kufuata ukingo: sentimita 24. Hiyo ndiyo safari ya bure aliyokuwa anaifanya dereva kabla trekta haijamsikia.

Halafu kijana wangu akakaa kwenye kiti, akawa anatikisa usukani taratibu, kulia kushoto, kulia kushoto. Mimi nimelala chini na kiganja nakiweka kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, nikianzia kwenye tairi nikirudi nyuma kuelekea kwenye boksi. Kiganja kinashika mtikisiko ambao macho hayaoni. Ukishika kiungo kwa namna ambayo vidole viwili viko kwenye rodi na viwili kwenye mkono unaoshikana nayo, utasikia kabisa kipande kimoja kinaondoka kabla ya kingine.

Kwa wasioijua 135 yenye stelingi ya mkono: boksi lake lina mikono miwili inayoning'inia, mmoja kila upande wa trekta, na kila mkono una rodi ndefu inayokwenda kwenye gurudumu la upande wake. Hakuna tairodi ya katikati ya kuunganisha magurudumu kama kwenye gari. Kwa hiyo una bolijointi nne, yaani viungo ambavyo pini yenye kichwa cha duara inacheza ndani ya kikombe, na kila moja ikiliwa kidogo, dereva anapata jumla ya zote mkononi mwake. Ya mbele kulia kwangu ilikuwa na hali mbaya kuliko zote. Mpira wa kuzuia vumbi ulikwisha kupasuka siku nyingi, ndani mmejaa mchanga na grisi iliyokauka kama lami. Pini ilikuwa inacheza kwenye kikombe chake, inagonga tk, tk.

Baadaye nikaweka jeki chini ya ekseli ya mbele, katikati. Angalizo hapa: ekseli ya mbele ya trekta inabembea kwenye pini yake ya katikati. Ukiinua tu, trekta yote inaweza kulala upande. Nilikata kabari mbili za mninga nikazipiga kati ya ekseli na kiti chake, pande zote mbili, isibembee. Na jeki peke yake usiiamini. Magogo yawe chini kabla hujaingiza kichwa.

Gurudumu likiwa juu, shika juu na chini, vuta sukuma. Likicheza, mwambie mtu atazame kwa tochi. Kama habu inacheza na ekseli ndogo ya gurudumu imetulia, tatizo ni beringi za gurudumu. Kama ekseli ndogo yenyewe inacheza pamoja na habu, bushi za kingpini zimekwisha, yaani vyuma vya duara vinavyoshika ile pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia. Zangu za kushoto zilikuwa zimekwisha, tairi inainama kama mtu mwenye nyonga mbovu.

Fundi_Masasi

Mkuu, hongera kwa kupima kwanza. Nimekaa na vyuma hivi miaka mingi na ninachokutana nacho ni hicho hicho: mtu analeta boksi mkononi, kalishusha kwa siku mbili, kumbe ugonjwa ni bolijointi ambazo angezibadilisha chini ya mwembe wake.

Naongeza jambo moja. Shika usukani uinue juu na ushushe chini kama unachota maji. Ukipanda na kushuka, hiyo ni plei ya beringi za shafti ya usukani ndani ya boksi. Hiyo huipati kwa skrubu ya ubavuni, ni ya shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi. Ukitikisika kulia na kushoto pale juu tu, ni bushi ya juu ya kolamu, bomba linalopitisha shafti ya usukani. Haipotezi njia sana, ila inaingiza maji. Mvua ikipita pale juu inashuka na shafti mpaka ndani ya boksi, na hapo ndipo gololi zinapoanza kupata kutu.

Dereva_Newala

Kaka, mimi ya kwangu mkono wa boksi ulikuwa umekula meno pale unapoingia kwenye shafti. Fundi akauchomelea moja kwa moja kwenye shafti. Mwaka wa pili huu haujasumbua. Kwa nini msifanye hivyo kuliko kuhangaika na spea?

Mkulima_Naipanga

Kaka wa Newala, nakuomba usiipeleke hiyo trekta barabarani. Naandika hivi kwa sababu najua mteremko wenu wa kushuka kutoka Newala kuja upande wa Masasi. Mkono ule ni chuma cha kufuliwa, kimepewa moto wake maalumu kiwandani ili kiwe kigumu na bado kisivunjike kama kigae. Ukikichomelea, pembeni ya mshono chuma kinabadilika. Kinaweza kukaa mwaka, miwili, halafu kikaachia siku moja kwa mpigo, bila plei na bila mlio wa kukuonya. Na kwa kuwa kila upande una mkono wake, gurudumu moja litabaki linakwenda linapotaka.

Jambo la pili, huo mkono na shafti vimekuwa kitu kimoja. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, ikivuja utaitoaje?

Fundi_Masasi

Nakazia. Mimi ni mchomeleaji na huwa nakataa hiyo kazi. Meno yakiwa yamekula kidogo, kwanza hakikisha nati ya mkono imekazwa vizuri, maana wengi mkono unacheza kwa sababu nati imelegea, na kucheza ndiko kunakokula meno. Yakiwa yamekwisha, tafuta mkono mwingine au shafti nyingine, hata kutoka kwenye trekta iliyokufa. Na kabla hujautoa mkono, piga alama ya sindano kwenye mkono na kwenye shafti. Ukirudisha jino moja pembeni, usukani hautakaa katikati tena na utailaumu spea bure.

Dereva_Newala

Nimewaelewa. Kwa sasa inabaki shambani hadi nipate mkono. Mwenye kujua ulipo, anijulishe hapa hapa kwenye uzi.

Mkulima_Naipanga

Sasa kazi yenyewe.

Bolijointi: nati ina meno na splitipini, kipini cha kuizuia isijifungue. Toa pini, legeza nati lakini usiitoe yote, iache imeshika nyuzi mbili tatu. Pini ya bolijointi imeingia kwenye tundu la mshazari, imeuma. Ukigonga nyuzi kwa nyundo umeshaharibu. Nilichukua nyundo mbili: moja nzito naiegemeza upande mmoja wa jicho la mkono, nyingine napiga upande wa pili. Mapigo matatu, ikaruka yenyewe. Ile ya kulia iligoma, nikaimwagia dizeli usiku kucha na asubuhi ikatoka.

Kabla ya kufungua rodi nilihesabu nyuzi zilizo nje, nikapima urefu toka pini hadi pini, nikaandika kwa mkaa ukutani mwa ghala. Nilifurahi kuwa nilifanya hivyo.

Spana: msiende na za milimita mkidhani zinakaribiana. Massey ya umri huu ni bolti za inchi. Spana ya milimita inaingia, inaonekana sawa, halafu inazungusha pembe za nati. Niliazima seti ya inchi kwa jirani, maana kazi bila hiyo isingekwenda, na siku naandika haya nimeshairudisha.

Bolijointi nne ziliagizwa Dar, zikaja kwa basi. Baada ya kuzifunga nikapima tena kwa chaki na futi kamba: kutoka 24 hadi 15. Boksi sijaligusa.

Kingpini: zilishuka vizuri ila bushi za chini zilikuwa zimeungana na ekseli. Tulizitoa kwa kukata ndani kwa msumeno mwembamba, taratibu, mstari mmoja, mpaka bushi ikaachia mbano wake. Pini yenyewe ya kushoto ilikuwa na ngazi. Ukipitisha ukucha unakwama. Hiyo haifai kuvikwa bushi mpya, itaila kwa msimu mmoja, kwa hiyo nikanunua pini na bushi pamoja. Bushi mpya zinaingia kwa kubana, na zikibana tundu la ndani linapungua. Usilazimishe pini kwa nyundo. Fundi wa kuchonga vyuma alipitisha rima, kifaa cha kupanua tundu kidogo kidogo, mpaka pini ikaingia kwa kusukuma kwa kiganja, ikiwa na mafuta, bila kutikisika. Na tazama tundu la grisi kwenye bushi likutane na lile la ekseli, la sivyo unapiga grisi na inarudi usoni.

Nikapima: sentimita 10.

Dada_Tandahimba

Asante kaka, nimesoma yote na mume wangu. Sisi tuna 135 pia, tunalimia harou (jembe la kulainisha udongo) katikati ya mikorosho. Tulibadilisha kingpini mwaka jana, tangu hapo usukani umekuwa mzito, jioni mikono inauma. Tukaambiwa ni kawaida mpaka zizoee. Ni kweli?

Mkulima_Naipanga

Dada, pole. Hazipaswi kuzoea kwa mwaka mzima. Inua mbele, fungua bolijointi za mbele ili rodi ziachane na magurudumu, halafu geuza kila gurudumu kwa mkono. Linatakiwa liende bila kuhangaika. Likiwa zito, bushi haikupitishwa rima, au beringi bapa inayobeba uzito chini ya ekseli imefungwa juu chini au haikurudishwa kabisa. Hiyo beringi nimeiona ikitupwa na mafundi kwa kudhani ni washa tu.

Magurudumu yakiwa mepesi, basi geukia boksi, zungusha usukani peke yake.

Na kabla ya yote, pima upepo wa tairi. Kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde watu hupunguza upepo wa mbele ili trekta isizame, halafu wanashangaa usukani mzito.

Dada_Tandahimba

Nimerudi. Ni kulia. Gurudumu la kushoto linageuka kwa mkono mmoja, la kulia tumesukuma wawili. Tumeteremsha kingpini, beringi bapa haipo kabisa! Chuma kinasaga chuma. Grisi tulikuwa tunapiga lakini inatokea juu tu. Nimeagiza.

Kijana_wa_Ruangwa

Wakuu, kwenye boksi si mtu ajaze grisi tu? Ya kwetu sili zimekwisha, oili haikai hata wiki. Tukajaza grisi, haivuji tena.

Fundi_Masasi

Mdogo wangu, grisi ngumu ikishasukumwa na nati na gololi inakaa pembeni, hairudi. Baada ya muda vyuma vinasagana vikavu katikati ya boksi lililojaa grisi. Oili inarudi yenyewe kila inaposukumwa. Hapo panahitaji oili nzito ya gia, ile 90. Kama sili huna leo na kazi ni kesho, tafuta grisi laini, ile inayotiririka kama asali, na uitumie kwa msimu mmoja tu huku unatafuta sili. Sili si ghali. Ubavuni mwake pameandikwa namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Ukizinakili hizo, hata wa duka la pikipiki anaweza kukutafutia.

Mkulima_Naipanga

Fundi kasema. Mimi nilipofungua tundu la oili la boksi langu hakikutoka kitu. Nilipolishusha, ndani mlikuwa na tope jeusi zito kama uji wa ulezi, na ukilipaka kwenye kidole juani linameremeta. Huo mmeremeto ni shafti yangu.

Kulishusha ni kazi ya siku mbili. Boneti, tanki la dizeli, betri, dashibodi, vyote vinatoka, kwa sababu boksi limekaa juu ya nyumba ya gia na kolamu inapita katikati. Usukani wenyewe ulinitesa kuliko yote. Umekaa kwenye meno na miaka zaidi ya 40 ya jasho na mvua. Msiupige nyundo kwa chini, mnaumiza gololi na beringi zilizo chini ya shafti. Tulitengeneza pula kwa bamba nene na bolti mbili, tukakaza, tukaiacha imekazwa, tukaenda kula. Tulipokuwa tunanawa tukasikia mlio kama risasi. Ulikuwa umeachia.

Ndani kuna shafti yenye mfuo wa msokoto, na juu yake nati inayopanda na kushuka ikibebwa na gololi zinazozunguka kwenye mfereji wake. Nati ndiyo inayosukuma shafti mbili za mikono. Nilitandika kitambaa cheupe ndani ya sinia kubwa la kulia wali, nikafungulia humo. Gololi zilimwagika kama punje za kunde. Nikahesabu mara tatu, kijana akahesabu mara ya nne, hesabu yake ikapungua moja. Tuliitafuta saa nzima kwenye mchanga. Tuliipata kwa sumaku ya spika ya redio mbovu, tukiiburuta juu ya mchanga taratibu huku tumepiga magoti. Nashauri sumaku iwe karibu kabla hujafungua.

Nilipozipima kwa venia, kile kipimo cha unene, zilitofautiana. Nyingine zilikuwa na madoa ya kutu. Hapo ni kubadilisha zote, za ukubwa mmoja, kutoka pakiti moja. Ukichanganya mpya mbili tatu na za zamani, mpya ndizo zinabeba mzigo wote na zinachimba mfereji. Mfereji wa shafti yangu ulikuwa na mng'ao katikati lakini haukuwa na mashimo, fundi akasema unatumika. Kama ungekuwa umevimba na kubanduka magamba, ningetafuta shafti nyingine.

Shafti ya mkono wa kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia imeliwa pale inapokaa bushi. Nikapata iliyotumika kwenye Massey iliyokufa huko Mtama, na meno yake yako makali. Bushi za boksi tulichonga za bronzi kule Masasi, tukapitisha rima zikiwa zimeshaingia, zote mbili kwa pamoja ili zinyooke kwenye mstari mmoja.

Mzee_wa_Lukuledi

Vijana, hamjambo. Nimesoma na kijukuu changu. Mnachofanya ni kizuri.

Nataka niwaambie kitu kuhusu ardhi yenu ya Nachingwea. Waingereza walipokuja na mradi wa karanga mwaka 1947, walileta matrekta mengi, mengine masalia ya vita, na mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakiviita Shervick. Pamoja na nguvu zote hizo, msitu na visiki viliwashinda, matrekta yakaharibika mapema, na 1951 mradi ukaachwa. Marehemu baba alikuwa akituonyesha visiki ambavyo chuma kilivikimbia.

Sasa ninyi mnalima kule kule kwa trekta ndogo. Kisiki kikipiga tairi la mbele, pigo linapita kwenye rodi, kwenye bolijointi, kwenye mkono, mpaka kwenye gololi hizo mnazohesabu. Kabla ya kulima shamba jipya, tembeeni kwa miguu mkavitafute, mfunge kila kisiki kitambaa cheupe. Mkivipita na trekta mnavijua.

Mkulima_Naipanga

Shikamoo mzee. Tumesikia. Nakumbuka kabisa ile bolijointi ya kulia ilianza kugonga baada ya kisiki cha mpingo, nilikipiga gia ya tatu nikaendelea na kazi bila kushuka kutazama. Mwaka huu nitatembea kwanza.

Mzee_wa_Lukuledi

Marahaba mwanangu.

Kijana_wa_Ruangwa

Kaka, malizia kwenye kurudisha boksi. Mimi nimeshalishusha la kwetu, niko katikati.

Mkulima_Naipanga

Basi sikiliza vizuri, hapa ndipo penye kuharibika.

Safisha kwa petroli mpaka kidole kikipita kisitoke cheusi. Gololi zishikize kwenye mfereji kwa grisi kidogo ili zisidondoke unapoingiza nati. Hesabu tena. Funga kolamu na shimu zake zote za zamani, halafu jaribu kuinua usukani juu chini. Ukicheza, toa shimu moja nyembamba, funga, jaribu. Endelea hivyo mpaka usicheze na bado uzunguke mwepesi kwa vidole viwili. Ukizidisha, utasikia uzito wa kukwaruza. Rudisha shimu moja.

Skrubu za ubavuni ni za mwisho. Rodi ziwe bado hazijaunganishwa. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko, gawa kwa mbili, simama katikati. Hapo hapo ndipo unapokaza skrubu, kidogo kidogo, mpaka usikie uzito mdogo sana ukipita katikati. Kisha zungusha mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Ukibana popote, legeza. Ni heri ubaki na plei ya sentimita mbili tatu pale katikati kuliko usukani unaogoma kwenye kona. Shika skrubu kwa bisibisi unapokaza nati ya kufungia, maana inapenda kuzunguka nayo.

Mikono irudi kwenye alama za sindano. Nati zake kaza kwa bomba refu. Jaza oili mpaka ifike kwenye tundu la kipimo, acha ishuke, ongeza.

Halafu magurudumu. Usukani katikati, rodi zote mbili ziwe na urefu sawa, na magurudumu yanyooke. Piga alama ya chaki kwenye rimu mbele, kimo cha kitovu cha gurudumu, kushoto na kulia, pima umbali. Sukuma trekta mbele mpaka alama zile zile zifike nyuma, pima tena. Mbele pawe pafupi kidogo kuliko nyuma. Mimi nimeacha tofauti ya milimita 4. Ukiacha mbele pawe papana, trekta itazurura na tairi zitaliwa kwa ndani.

Nikapima kwa mara ya mwisho na waya wangu ule ule: sentimita 4.

Jumamosi niliipeleka mpaka barabara ya lami bila trela, nikarudi, nikalala chini nikakagua kila splitipini. Jumapili nikaifunga trela tupu. Leo nimebeba gunia 20 za korosho. Kwenye ule mteremko lori lilikuja tena, si lile, jingine. Nikakata kushoto na pua ikaenda kushoto.

Kijana_wa_Ruangwa

Kaka, nimehesabu gololi za kwetu, zimepungua mbili. Naenda kutafuta spika.

Dada_Tandahimba

Beringi bapa imefika na basi la jana, tumeifunga leo asubuhi. Nimeendesha mwenyewe mistari sita ya mikorosho, naukata usukani kwa mkono mmoja. Mume wangu anauliza grisi kingpini kila baada ya muda gani?

Mkulima_Naipanga

Kipindi cha harou na vumbi, kila asubuhi kabla ya kuwasha, dada. Piga mpaka grisi safi itokee chini na ile nyeusi iishe, halafu ipanguse, kwa sababu ikibaki nje inabeba mchanga. Na ikiwezekana fanya hivyo tairi likiwa juu kwenye jeki, hasa la kulia, ili grisi ifike kwenye hiyo beringi mpya.